Jina Katika Kitabu cha Polisi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka asiyeandika kilichoingia na kilichotoka hawezi kuijua siku ya hasara yake, wala hana la kumwambia hakimu siku atakapodai alichoibiwa. Lakini, msomaji, je, umepata kufikiri kwamba hata mtu aweza kupotea bila habari kwa kukosa daftari? Mtu si fedha hata atiwe mfukoni. Ana mama, ana majirani, na ana jina. Hata hivyo historia ya nchi yetu yatuonyesha kwamba watu wengi walichukuliwa, wakakaa miaka mingi wasionekane, na wengine wakafa, hali jamaa zao hawakuwa na mahali pa kuuliza. Katika insha hii nataka tulitazame daftari moja ambalo aghalabu halisifiwi na mtu, nalo ni daftari linaloandikwa majina ya watu waliokamatwa. Tutaona lilitoka wapi, lilifichwaje, na raia wa leo ana haki gani juu yake.

Ukiingia katika kituo cha polisi hapa Kenya utakuta kaunta, na nyuma ya kaunta askari wa zamu. Yeye ndiye mwenye kuandika kitabu cha matukio, ambacho watu wengi hukiita O.B. Ndicho kinachotoa ile namba unayopewa ukienda kuarifu kwamba umepotewa na kitambulisho au kwamba umeibiwa baiskeli. Humo huandikwa, kwa mfuatano wa saa, mambo yaliyoletwa kituoni: malalamiko, ajali, mali iliyookotwa, na watu waliokamatwa. Kila jambo lina namba yake na saa yake, ili asije mtu kesho akapenyeza neno ambalo jana halikuwapo.

Mtu akikamatwa, yapasa kitabu kiseme ni nani, ameletwa saa ngapi, anadhaniwa kutenda kosa gani, na askari gani aliyemleta. Maneno hayo ni machache, lakini kila moja lina kazi yake. Jina huwaambia jamaa kwamba mtu wao yuko hapo. Saa huanza kuhesabu muda ambao sheria imeuweka kabla ya mtu kufikishwa mahakamani. Kosa lililoandikwa humfunga mshtaki, asiweze kusema neno moja kituoni na neno jingine mbele ya hakimu. Jina la askari nalo huonyesha ni nani wa kuulizwa ikiwa aliyeingia mzima atatoka na majeraha. Ndiyo maana nasema kwamba mstari mmoja wa wino waweza kuwa ngao kwa mtu asiye na ngao nyingine yoyote.

Wazo hili la kumtaka mwenye nguvu aandike sababu za kumfunga mwenziwe ni la kale. Katika Uingereza ya karne ya 17 maofisa wa mfalme waliweza kumshika mtu na kumtia ngomeni, au kumpeleka ng'ambo ambako amri ya jaji haikufika. Basi mwaka 1679 Bunge la nchi ile lilipitisha sheria mashuhuri iitwayo Habeas Corpus. Maneno hayo ni ya Kilatini, na maana yake ni kwamba aliyemshika mtu na aulete mwili wake mbele ya jaji, aseme kwa nini amemshika. Sheria hiyo iliagiza pia kwamba mfungwa akiitaka nakala ya hati iliyomfunga, mlinzi ampe katika muda wa saa sita. Akikataa, alipe paundi 100 kwa kosa la kwanza na paundi 200 kwa kosa la pili, tena aondolewe kazini.

Iangalie vizuri hekima ya sheria hiyo. Haikusema kwamba kila mfungwa hana hatia. Wala haikuwakataza askari kukamata wezi na wauaji. Ilisema tu kwamba sababu ya kufungwa mtu lazima iandikwe, na kwamba maandishi yale lazima yaonekane na watu wengine zaidi ya yule aliyeyaandika. Siri ikiondoka, nusu ya dhuluma huondoka nayo.

Waingereza walitangaza Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1895, wakaleta hapa mahakama zao, polisi wao na vitabu vyao. Lakini daftari laweza kumtumikia mtu, na vile vile laweza kumtumikisha. Mfano ulio wazi ni kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka kama 16 alitakiwa kuchukua hati yenye jina lake, alama za vidole vyake, na habari za mwajiri wake na mshahara wake. Wengi waliitia katika kijaluba cha chuma na kuining'iniza shingoni. Aliyekutwa njiani bila kipande alikamatwa. Aliyeacha kazi kabla bwana wake hajatia sahihi alikamatwa pia. Hapo mambo yaligeuka kabisa. Serikali haikuwa na lazima ya kumwonyesha mtu kwa nini imemkamata. Mtu ndiye aliyekuwa na lazima ya kuionyesha serikali kwa nini asikamatwe.

Mmoja wa waliokipinga kipande, pamoja na kodi nzito na kupunguzwa kwa mishahara, alikuwa Harry Thuku, kijana aliyefanya kazi ya simu katika ofisi ya serikali huko Nairobi. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Siku mbili baadaye umati mkubwa ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi, karibu na hoteli ya Norfolk, ukitaka aachiliwe. Miongoni mwao alikuwa mwanamke mmoja jasiri, Muthoni Nyanjiru, aliyewahimiza wanaume wasirudi nyuma. Polisi walipiga risasi, na Nyanjiru akawa mmoja wa waliouawa. Serikali ilisema waliokufa walikuwa 21. Wengine walisema idadi ilikuwa kubwa zaidi kuliko hiyo. Thuku mwenyewe hakuhukumiwa na mahakama yoyote. Kwa amri ya gavana alipelekwa Kismayu, kisha akahamishwa sehemu nyingine za mbali, na muda wa karibu miaka tisa ulipita kabla hajarudi nyumbani.

Msomaji, zingatia mambo mawili katika habari hiyo. La kwanza, mtu aweza kufungwa miaka tisa kwa karatasi moja tu ya amri, bila shahidi na bila hukumu. La pili, mahali ambapo kumbukumbu huandikwa na upande mmoja peke yake, hata hesabu ya maiti huwa na ubishi. Miaka mia na zaidi imepita, na ubishi ule haujakwisha.

Baada ya miaka 30 jambo lile lile lilirudi kwa ukubwa usiopata kuonekana katika nchi hii. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la Hali ya Hatari, ili kuwakandamiza Mau Mau. Usiku ule ule Jomo Kenyatta na viongozi wengine wengi walikamatwa. Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa Kapenguria, na ijapokuwa hukumu ile ililaumiwa sana, angalau kesi yao iliandikwa na magazeti ya dunia yakaitangaza. Watu wa kawaida hawakupata hata hilo. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, yaani Fuawe. Wanaume na wanawake wa Kikuyu, Kiembu na Kimeru walitolewa majumbani na makazini, wakapangwa mistari. Mbele yao alikaa mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Akitikisa kichwa, mtu alipelekwa upande mmoja. Asipotikisa, upande mwingine. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa vizuizini.

Je, katika daftari la mahali kama pale kungaliandikwa nini? Shahidi hakuwa na jina wala uso. Kosa halikutajwa. Hapakuwa na siku iliyowekwa ya kwenda mbele ya hakimu. Mwishoni mwa mwaka 1954 watu zaidi ya 70,000 walikuwa kizuizini, katika kambi kama Manyani na Mackinnon Road. Huko waligawanywa kwa rangi katika vitabu vya wakubwa: weupe, wa kijivu, na weusi, kwa kadiri walivyodhaniwa kuwa watiifu au wakaidi. Mke aliyebaki nyumbani hakujua mumewe ameandikwa rangi gani, wala amehamishiwa kambi gani, wala atarudi lini.

Vitabu viliweza hata kusema uwongo. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na mto Tana, wafungwa waliokataa kufanya kazi walipigwa na walinzi, na 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji. Kama uchunguzi ungaliishia hapo, sisi leo tungalisoma kwamba wafungwa 11 waliuawa na maji. Lakini maiti zilichunguzwa na madaktari, na habari ikasikilizwa mbele ya hakimu, ikabainika kwamba walikufa kwa kupigwa. Mwezi wa Julai mwaka ule jambo hilo lilijadiliwa usiku kucha katika Bunge la Uingereza. Wazungu waliokuwa wakisema kwamba kambi zile ni shule za kurekebisha tabia walinyamaza, na Hali ya Hatari ikaondolewa mwezi wa Januari 1960. Ukweli ulioandikwa mahali pa wazi ulifanya kazi ambayo malalamiko ya miaka saba hayakuweza kuifanya.

Tuje sasa kwenye sehemu ya ajabu zaidi ya historia hii. Uhuru ulipokaribia, wakubwa wa kikoloni walijiuliza wafanye nini na karatasi zao. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali mpya zisiachiwe karatasi ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Uingereza, au polisi, au askari, au watumishi wake, au watoa habari wake. Basi karatasi zilichambuliwa. Nyingine zilichomwa moto. Nyingine, kiasi cha majalada 1,500 ya Kenya, zilitiwa makashani na kupelekwa Uingereza karibu na siku ya uhuru ya tarehe 12 Desemba 1963. Wakati bendera yetu ilipokuwa ikipandishwa Nairobi, sehemu ya kumbukumbu yetu ilikuwa imekwisha kuvuka bahari.

Majalada hayo yalikaa kimya karibu miaka 50. Serikali ya Kenya ilianzisha Hifadhi ya Nyaraka za Taifa kwa sheria ya mwaka 1965, na mara kadhaa ikadai karatasi zake zirudishwe, lakini hazikurudi. Ndipo mwaka 2009 wazee watano, wanaume watatu na wanawake wawili, walipokwenda London kuishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso waliyoyapata vizuizini. Mmoja wao, Wambugu wa Nyingi, alikuwa Hola siku ile ya mauaji, akapigwa hata akazimia. Serikali iliwajibu kwamba dhima yote ilihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru, na tena kwamba muda mrefu mno umepita, mashahidi wamekufa, na kesi haiwezi kusikilizwa kwa haki.

Mawakili wa wazee, wakisaidiwa na wanahistoria kama David Anderson, walisisitiza kwamba karatasi zipo na zitafutwe. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba majalada yalikuwa katika jengo lake moja liitwalo Hanslope Park, yakiwa pamoja na maelfu mengine kutoka makoloni 37. Yalipofunuliwa, yalionyesha kwamba wakubwa wa Nairobi na London walikuwa na habari za mateso yale wakati yakitendeka. Mwezi wa Julai 2011, na tena Oktoba 2012, jaji aliamua kwamba kesi iendelee, kwa kuwa karatasi zilizobaki zilitosha kusema mahali ambapo mashahidi walikuwa wamekwisha kufa. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama Bungeni akasema kwamba serikali yake yasikitika kwa mateso yale, na kwamba watu 5,228 watalipwa jumla ya paundi milioni 19.9. Majalada yenyewe yalihamishiwa Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, ambako msomaji yeyote aruhusiwa kuyafungua.

Wazee wale walikuwa wameeleza mateso yao kwa mdomo kwa nusu karne. Majirani zao waliwaamini, lakini wenye mamlaka hawakuwasikiliza. Karatasi zilipotoka gizani, jambo lile lile walilokuwa wakilisema liliaminiwa na dunia nzima. Haikuwa haki kwamba neno la mzee lilihitaji karatasi ya mtesi wake ili lisadikiwe. Lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa, na funzo lake ni kwamba anayemiliki daftari peke yake humiliki pia masikio ya watu.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kosa hili lilikuwa la wageni tu. Baada ya uhuru sheria ya kuweka watu kizuizini bila hukumu ilibaki. Katiba ya zamani ilikuwa na masharti juu yake: mtu aliyewekwa kizuizini aambiwe sababu kwa maandishi, na katika muda wa siku 14 jina lake litangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyechukuliwa nyumbani kwake Limuru mwishoni mwa mwaka 1977, alikaa kizuizini bila kushtakiwa mpaka Desemba 1978. Dhuluma ilikuwapo, lakini angalau jina lilitangazwa, na dunia iliweza kuuliza habari zake. Mambo yalizidi kuwa mabaya katika miaka ya 1980, ambapo watu walichukuliwa, wakafungwa vitambaa machoni, wakapelekwa katika vyumba vya giza chini ya jumba la Nyayo mjini Nairobi. Jamaa zao walizunguka kutoka kituo hadi kituo na kuambiwa kwamba hakuna mtu wa jina hilo. Vyumba vile vilifunguliwa watu wavione mwezi wa Februari 2003, na baadaye Mahakama Kuu iliamuru baadhi ya walioteswa humo walipwe fidia.

Kwa sababu ya historia hiyo ndefu, Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ililishughulikia jambo hili kwa makini, na yafaa kila mwanafunzi ajue vifungu vyake. Kifungu cha 49 chasema kwamba aliyekamatwa aambiwe upesi, kwa lugha anayoielewa, sababu za kukamatwa kwake. Aruhusiwe kuwasiliana na wakili na watu wengine wa kumsaidia. Afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, kabla ya kupita saa 24, au ikiwa saa hizo zitaishia wakati ambao mahakama haifanyi kazi, basi siku ya mahakama inayofuata. Kifungu cha 35 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Na kifungu cha 25 chaitaja amri ya Habeas Corpus, ile ile ya mwaka 1679, miongoni mwa haki chache ambazo haziwezi kupunguzwa kamwe.

Sasa, msomaji, tuseme kwamba jioni moja ndugu yako hakurudi nyumbani, na mtu akakuambia kwamba amechukuliwa na polisi. Ufanye nini? Kwanza, mtu mzima wa nyumbani aende kituo cha polisi kilicho karibu na mahali alipokamatiwa, aseme jina kamili, na aulize kwa adabu kama ameandikwa katika kitabu cha matukio, kwa namba gani na kwa kosa gani. Kitabu chenyewe hakifunuliwi kwa kila apitaye, kwa kuwa kina majina ya walalamishi na mashahidi pia. Lakini kuuliza mtu wako yuko wapi si ukorofi, na kujibiwa si hisani ya askari. Aandike katika karatasi jibu alilopewa, saa, na jina la askari aliyempa.

Pili, akifikishwa mahakamani, mlango u wazi. Kesi husikilizwa hadharani, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa na sheria, na karani wa mahakama ana orodha ya kesi za siku hiyo. Raia aweza kuketi humo akasikiliza mashtaka yakisomwa. Tatu, ikiwa habari zanyimwa, iko Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ombi laandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na kulipeleka hakutozwi ada. Ofisi iliyoombwa ina siku 21 za kujibu; lakini habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, yapaswa itolewe katika saa 48. Ofisi ikikataa, mlalamishi aweza kuiendea Tume ya Haki za Utawala. Na ikiwa mtu hajulikani aliko kabisa, wakili aweza kwenda Mahakama Kuu kuomba Habeas Corpus. Usidhani kwamba hayo ni mambo ya vitabuni tu. Mwaka 2024, baada ya maandamano ya vijana ya mwezi wa Juni, jamaa za watu waliochukuliwa wasijulikane waliko waliomba amri hiyo hiyo, na majaji wakawaamuru wakubwa wa polisi wawalete.

Lakini kila haki ina mpaka, na nisipokutajia mpaka huu nitakuwa nimekudanganya. Kukamatwa si kuhukumiwa. Jina likiandikwa katika kitabu cha polisi, maana yake ni kwamba mtu ametuhumiwa. Haliwi jina la mkosaji mpaka mahakama iseme. Kifungu cha 50 cha Katiba chasema wazi kwamba mshtakiwa hana hatia mpaka kinyume chake kithibitishwe. Wengi hukamatwa kwa kufananishwa, au kwa chuki ya jirani, au kwa kupita tu mahali penye msako, na kesho yake huachiliwa. Je, ni haki kwamba mwajiri amnyime kazi mtu wa namna hiyo kwa miaka 20 ijayo kwa sababu aliona jina lake mahali? Ndiyo maana Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 31, yailinda faragha ya mtu, na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu yazuia kuzitumia ovyo. Mtoto aliyekosana na sheria hulindwa zaidi, na jina lake halitangazwi.

Huenda ukauliza basi: tuzifungue kumbukumbu hizi au tuzifunge? Jibu nionalo mimi lapatikana kwa kuuliza swali jingine: daftari hili lamtumikia nani wakati huu? Mama anapotaka kujua mwanawe yuko wapi, kitabu kifunguliwe, na upesi. Jaji anapotaka kujua mtu amewekwa kwa saa ngapi, kifunguliwe. Mwanahistoria anapotafuta ukweli wa kambi za zamani, kifunguliwe. Lakini mtu anapotaka jina la jirani ili apate la kumsengenya, au anapopiga picha ya mahabusu aieneze apate kuchekesha watu, hapo hakuna haki inayotafutwa. Kipande cha shingoni na kitabu cha kaunta vyote viwili vilikuwa na majina ya watu. Kimoja kilimwonyesha mnyonge kwa mwenye nguvu. Kingine, kikiandikwa kwa uaminifu, humwonyesha mwenye nguvu kwa watu wote.

Mwaka si mwingi nanyi wasomaji mtatoka shuleni. Mmoja wenu atakuwa askari wa zamu, na usiku wa manane ataletewa mtu aliyelewa au aliyepigwa, na mkubwa wake atamwambia, "Huyu usimwandike kwanza." Mwingine atakuwa karani wa mahakama, mwingine wakili, mwingine mhifadhi wa nyaraka. Na mmoja, sitaki kulificha hili, atakuwa amesimama upande wa pili wa kaunta akimtafuta ndugu yake. Kama yule wa kwanza ameandika jina, saa na sababu, huyu wa mwisho atapata jibu na kurudi nyumbani kuwaambia wazee. Kama hakuandika, ataondoka kwenda kituo kingine, na kingine tena, kama walivyozunguka wenzake wa 1954 na wa miaka ya 1980. Kwa hiyo siku kalamu hiyo itakapokuwa mkononi mwako, andika.